Maswali yenu kuhusu mvinyo wa Rhône

Nimeletewa chupa iliyoandikwa Côtes du Rhône. Nimeigeuza huku na huku, jina la zabibu silioni. Ndani mna nini? (Msomaji, Arusha)

Wafaransa huandika mahali mvinyo ulikotoka, na hapa ni bonde la mto Rhône, kusini-mashariki mwa Ufaransa. Zabibu mara nyingi hawazitaji. Chupa nyekundu ya Côtes du Rhône kwa kawaida ni mchanganyiko wa zabibu. Grenache huongoza kwa ladha yake nono ya matunda, Syrah huongeza rangi na viungo, Mourvèdre huleta ukakasi unaoshika ulimi. Aliyekuletea kakuanzishia pazuri.

Eti Syrah inanukia pilipili manga. Kweli, au wajuzi wanatupamba tu? (Msomaji, Mombasa)

Kweli tupu, na jikoni kwako utapata ushahidi. Twanga punje tano za pilipili manga, unuse kinu. Kisha mimina mvinyo mwekundu wa Crozes-Hermitage au Saint-Joseph, unuse glasi. Kiini cha harufu kiitwacho rotundoni kimo kwenye pilipili manga na kimo kwenye Syrah. Mashamba hayo yapo kaskazini mwa bonde la Rhône, na huko Syrah ndiyo zabibu inayotengeneza mvinyo mwekundu. Pale Côte-Rôtie miteremko ni mikali mno hata zabibu huvunwa kwa mikono. Shiraz unayoiona dukani ni Syrah hiyohiyo.

Papa wa Châteauneuf-du-Pape ni nani? (Msomaji, Dodoma)

Mapapa walihamia Avignon, mji wa kusini mwa Ufaransa, mwaka 1309, na Papa Yohane XXII akajengesha ngome Châteauneuf, kijiji cha jirani. Mashamba mengi ya kijiji hicho yametandazwa mawe ya mviringo yanayohifadhi joto la jua hadi usiku.

Na mvinyo mweupe wa Rhône, una maana yoyote? (Msomaji, Dar es Salaam)

Swali hili nimelisubiri sana, maana watu wanaukosa utamu mkubwa. Condrieu, mvinyo mweupe wa kaskazini mwa bonde hilo, hutengenezwa kwa zabibu ya Viognier peke yake. Ukiinamia glasi unakutana na aprikoti mbivu na maua kabla hujaonja. Katika miaka ya 1960 zabibu hiyo ilikuwa imebaki kwenye hekta chache tu, ikaponea kwa wakulima wachache waliokataa kuing'oa. Nikiinywa huwakumbuka.

Kisha kuna Marsanne na Roussanne, zabibu za mvinyo mweupe wa Hermitage, kilima cha huko huko kaskazini. Mvinyo wake ni mzito, una asali na lozi, na chupa nzuri hukaa miaka mingi ikizidi kunoga. Uzito huo ndio unaohimili tui la samaki wa kupaka. Mvinyo mwembamba mkali hapo hupotea. Ila tafadhali, usiunywe ukiwa baridi kama barafu, harufu yote hujifunga. Utoe kwenye friji dakika 20 kabla ya kula.

Mwekundu je, nao unaingia friji? (Msomaji, Kisumu)

Kwa joto letu, ndiyo, nusu saa. Unapendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18, na sebule zetu nyingi zinapita hapo.

Hermitage siimudu. Nifanyeje? (Msomaji, Mwanza)

Tafuta Syrah au mchanganyiko wa Grenache kutoka Swartland, Afrika Kusini. Zabibu ni zilezile, bei mara nyingi ni nafuu zaidi, na mbuzi wa kuchoma mwenye pilipili manga ataupokea vizuri sana.