Mwanangu, kuhusu likizo ya baba

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi, na mkwe wangu nisalimie sana. Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Unauliza: likizo ya uzazi ya baba ikilingana na ya mama, huyo baba atafanya nini nyumbani na wala hanyonyeshi?

Kazi ipo, baba. Mkeo akijifungua kwa upasuaji, hata kuinua ndoo hataweza. Saa nane usiku mtoto analia, nepi zimejaa beseni, na mzazi anataka uji wa moto ndipo anyonyeshe. Sheria yetu ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 zenye malipo, mapacha siku 100. Baba amewekewa siku tatu. Wenzetu Kenya wanatoa wiki mbili.

Ila kinachoniuma zaidi kiko ofisini. Katika uafisa utumishi wangu nimekaa kwenye usaili mwingi. Anaingia binti, vyeti safi, anajieleza vizuri. Akishatoka, mjumbe mmoja anasema, "Huyu ana pete, mwakani tutahangaika kutafuta wa kumshikia nafasi." Akija kijana wa kiume mwenye pete, anasifiwa kwamba ametulia. Nilikuwa nabishana nao, mara nyingine hadi sauti inapanda. Sheria hiyohiyo inakataza kumbagua mtu kwa ujauzito au ndoa, lakini maneno yale hayaandikwi popote. Binti atashitaki kwa ushahidi gani?

Ndiyo maana nimependa walivyofanya Uhispania. Mwaka 2021 baba na mama walipewa wiki 16 kila mmoja, malipo kamili kutoka hifadhi ya jamii, na baba haruhusiwi kumgawia mama za kwake. Hapo mwajiri anayeogopa uzazi inabidi awaogope wote wawili!

Usihofu kwamba mama atapunjwa. Za kwake zisiguswe hata moja, za baba ndizo ziongezwe.

Kwa sasa chukua hizo siku tatu, uunganishe na likizo yako ya mwaka. Barua peleka mapema, na wenzako wakicheka waache wacheke. Nauli yangu usitume kwanza. Nitakuja wewe ukikaribia kurudi kazini.

Mama yako