Kwa nini programu imeiacha mashine?

Dada, umeuliza kwa nini programu ya kuchagua miradi imeiacha mashine ya kusaga mwani yenye alama 80, ikachagua boti yenye 60 na chanja za kuanikia zenye 50. Haijakosea. Ushirika wenu hapo Wete una milioni 20. Mashine inakula 14, boti 12, chanja 8. Mashine ukiiunganisha na chochote, fedha hazitoshi. Boti na chanja zinaingia barabara, alama 110. Programu hutafuta mkusanyiko wa miradi wenye thamani kubwa ndani ya bajeti, si mradi mmoja unaong'ara.

Ila alama nani kazitia? Alama hutokana na vigezo, kama faida, na uzito wa kila kigezo mnaupanga nyinyi, na mwenye mradi hakosi kutia chumvi. Punguzeni kidogo uzito wa faida, muiendeshe programu tena, muone kama chaguo linageuka.