Kijana wa mkondo wa amali aliyekata tamaa

Dada, umeuliza kama umhamishe kijana wako wa kidato cha pili, mkondo wa amali (sekondari yenye mafunzo ya ufundi), fani ya umeme, kwa sababu anadai huko ni kwa waliofeli. Mimi nisingemhamisha kwanza. Mkondo huu ulioanza 2024 haujamtoa kwenye sekondari: Hisabati na Kiingereza anasoma, mtihani wa kidato cha nne wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, anaufanya, na juu yake kuna cheti cha ufundi. Ila kumwimbia cheti hakutamsaidia, kiko mbali mno. Muulize wiki hii amefunga nini kwa mkono wake. Aliyewahi kufunga taa ya ngazi, unawashia chini unazimia juu, ikakubali, huyo hahitaji mahubiri. Akikujibu kwamba wanachora tu saketi ubaoni, tatizo ni karakana, si mtoto (zipo shule za hivyo, tusidanganyane). Hapo zungumza na mwalimu wa fani, halafu likizo mtafutie fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) amshikishe bisibisi na testa. Nauli na chakula utagharimia wewe, usitegemee alipwe.