Ukienda Chennai, soma kalenda kwa saa za Kiswahili

Mwaka wangu wa kwanza wa masomo Chennai, kusini mwa India, nilikwenda kuchukua funguo za chumba Jumatatu, saa mbili kasoro robo asubuhi, mabegi mawili mkononi na jasho linanitiririka. Mwenye nyumba, mama wa makamo ambaye wapangaji wote tulimwita Amma, alinikaribisha barazani akanipa kahawa ya maziwa. Funguo hakutoa. Alinionyesha kalenda ya ukutani, ile ya kuchana karatasi moja kila siku. "Rahu kalam," akasema. "Subiri saa tatu."

Nikajua ananizungusha. Kumbe saa tatu ilipofika tu aliinuka, akabandika maziwa jikoni yakachemka mpaka yakafurika sufuria, ndipo akanikabidhi funguo.

Wewe unayekwenda huko kusoma au kuuguza ndugu, usisumbuke kutafsiri kalenda hiyo kwa saa za Kizungu. Siku yao huanza jua linapochomoza, na mchana hukatwa mafungu manane. Kila siku ya wiki, fungu moja huhesabiwa la mkosi: ndiyo Rahu kalam, wakati wa Rahu, zimwi la hadithi za Kihindu linalosemekana kumeza jua na mwezi wakati wa kupatwa. Jua likichomoza saa kumi na mbili na kuchwa saa kumi na mbili, kila fungu ni saa moja na nusu. Fungu la Jumatatu ni la pili: saa moja na nusu hadi saa tatu. Unaona ilivyokaa? Jumamosi ni la tatu, Ijumaa la nne, Jumatano la tano, Alhamisi la sita, Jumanne la saba, Jumapili la nane. Muda huo usimwombe mtu asaini mkataba au afungue duka. Kazi iliyokwisha kuanza haina neno.

Ukihamia Delhi, hesabu hiyo inalegea. Mchana wa Desemba ni mfupi, fungu halifiki hata dakika 80. Juni linapita 100.

Kilichonishinda mimi ni tithi, yaani siku ya mwezi mwandamo katika kalenda hiyo. Kila mara mwezi wa angani unapoliacha jua kwa nyuzi 12 zaidi, tithi moja imekwisha. Inaweza kuchukua saa 19, inaweza kufika 26, hivyo hubadilika hata saa nane mchana, na kwa kawaida siku huitwa kwa tithi iliyokutwa jua likichomoza. Sikukuu basi usiikisie kwa tarehe ya mwaka jana. Uliza.

Na ukiuliza, uliza hadi mwisho. Niliambiwa Amma amefunga Ekadashi, tithi ya kumi na moja. Kwa mazoea yangu ya Ramadhani, magharibi nikambishia hodi na sahani ya tende. Akacheka mpaka akashika mlango. Saumu ile hufunguliwa kesho yake, jua likishachomoza. Tende alizipokea, akazifunika kwa bakuli la bati juu ya friji, na asubuhi saa moja akaniita tule wote.