Usiniulize kama jani hili linaliwa

Wiki iliyopita msomaji mmoja alinitumia picha ya jani. Jani moja tu, limelazwa kwenye kiganja, mwanga hafifu, ncha imekatika. Chini yake akaandika: "Dada, nimeambiwa hili linashusha presha. Mama anameza vidonge na vimemchosha. Nimchemshie kiasi gani?"

Nilimjibu kwamba kwa picha ile siwezi kuujua mmea, na hata ningeujua nisingethubutu kumpangia kipimo mgonjwa aliye kwenye dawa. Azungumze kwanza na daktari wa mama. Hakupenda. "Mkishajua nyie mnabania elimu," akaandika, kisha akanifungia nisiweze kumjibu tena.

Limeniuma, sitaficha. Nimeandika kuhusu mimea pori kwa miaka 6 na sijawahi kumnyima mtu ninachokijua. Lakini najua pia ilivyo kula jani usilolijua, maana nimelila, na sikulila peke yangu.

Nilipoanza nilikuwa na pupa. Ninyi mnaosoma hapa mnaifahamu pupa hiyo: ukishaonja jani la kwanza ulilolichuma mwenyewe porini, kila unapopita unaona chakula kimelala chini na watu wanakikanyaga. Nikapakua programu ya simu ya kutambua mimea. Nikawa napiga picha, inaniletea jina, naandika jina daftarini. Miezi 2 haikuisha nikawa na majina 50. Nilijiona nimeiva.

Mmoja niliupenda kuliko yote, Portulaca oleracea. Nautaja kwa jina la kisayansi kwa kuwa majina yake ya mitaani ni mengi, na mengine yanatumika pia kwa mimea mingine kabisa. Unatambaa chini, mashina yake yana wekundu na yamejaa maji, majani ni manene yenye umbo la kijiko, na maua ni madogo ya njano yanayofunguka jua likiwaka. Unaliwa karibu kila bara, mbichi au umepikwa, una uchachu unaoamsha ulimi, na ni miongoni mwa mboga za majani zenye omega-3 nyingi, aina ya mafuta ambayo mwili unayahitaji.

Asubuhi moja nilikwenda kuuchuma kwa haraka. Mdogo wangu alikuwa amekuja kunitembelea na nilitaka aone mambo yangu. Sikuwa nachuma shina kwa shina. Nilikuwa navuta fungu zima na kulitupa kikapuni. Nikaosha, nikakaanga kidogo, tukala. Muda si mrefu koo likaanza kuwaka. Halafu tumbo. Mdogo wangu alitapika mpaka hakubaki na cha kutapika, akajilaza bafuni shavu likiwa sakafuni, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, umenilisha nini?"

Nilikuwa na majina 50 kichwani na sikuwa na jibu.

Tulipona. Siku ya pili nikampelekea shangazi mabaki ya kikapu. Shangazi amechuma majani maisha yake yote na hajawahi kufungua kitabu cha mimea. Hakunigombeza. Aliyamwaga kwenye ungo, akayachambua kwa vidole, akaokota kijishina chembamba akakiinua. "Hiki ulikivunja, mwanangu?" Akakivunja yeye. Pale kilipokatika likachomoza tone jeupe kama maziwa, likakua, likamteremkia kwenye ukucha. Akaokota kingine, kinene, akakivunja. Maji matupu.

Mimea miwili ilikuwa imetambaa pamoja na kusukana. Ule wa maziwa ni wa jamii ya Euphorbia, na utomvu wake unaunguza ngozi, macho na utumbo. Ukiangalia kwa utulivu, haufanani sana na mwenzake: majani yake ni mepesi, shina ni jembamba na mara nyingi lina vinyweleo. Simu yangu haikukosea. Niliipa picha ya mmea sahihi, mkono ukachuma na mwingine.

Kilichofuata kiliniuma kuliko tumbo. Nilikuwa kwenye kikundi cha watu wanaojifunza mimea, nikawasimulia kwa nia njema ili wengine wajihadhari. Kiongozi wetu akalisimulia tena jambo langu mbele ya wageni, mimi nimekaa palepale, kama mfano wa mtu asiyefaa kugusa jani. Hakuna aliyeniuliza nilijifunza nini. Sikurudi tena. Miaka imepita na bado nikikumbuka ule ukimya wa watu wakinitazama, moyo unanienda mbio. Ndiyo maana mtu akinitumia kosa lake hapa, simcheki wala simwaniki. Namuuliza shangazi alichoniuliza: shina ulilivunja?

Baada ya hapo niliacha orodha. Nilichagua mmea mmoja, Portulaca huohuo, nikaufuata mwaka mzima. Niliuona ukichipua ukiwa na majani mawili, nikauona ukitoa maua, nikauona ukizaa vikasha vidogo ambavyo kifuniko chake kinafunuka kama cha chungu na ndani mna mbegu nyeusi ndogo mno. Niliuchora vibaya, nikauchora tena. Leo najua mimea 40 hata ikiwa michanga, na ninayoila ni 11 tu. Hizo 11 nazijivunia kuliko zile 50 za mwanzo. Mwezi uliopita nilitembea na wanafunzi 8 kwa saa 3, hatukuchuma chochote, na mmoja alinishukuru kwa machozi. Alisema ni mara ya kwanza anaangalia mmea bila kuuliza unatibu nini.

Kwa hiyo, ndugu zangu, jani moja kwenye kiganja haliniambii kitu. Majani machanga ya Digitalis purpurea, mmea wenye sumu, kabla haujatoa maua, yamewahi kuchumwa na watu wakidhani ni Symphytum officinale, mmea mwingine unaotumika kama mitishamba. La kwanza lina sumu inayovuruga mapigo ya moyo, na ndilo lililozaa dawa ya moyo baada ya daktari Mwingereza William Withering kuchapisha uchunguzi wake mwaka 1785. Alitumia takriban miaka 10 kuangalia kipimo, kwa sababu kiasi kinachotibu na kiasi kinachoua vimekaribiana mno. Miaka 10! Na wewe unataka nikujibu kwa ujumbe wa simu.

Au chukua mnavu. Matunda yake meusi huwatisha watu kwa sababu wamesikia habari za Atropa belladonna, mmea wenye sumu kali, nao una matunda meusi. Mnavu huzaa matunda madogo katika kishada, na ua lake ni jeupe lenye kitovu cha njano. Belladonna huzaa tunda mojamoja, kubwa zaidi, limekalia nyota ya kijani yenye ncha 5, na ua lake ni la zambarau iliyofifia lenye umbo la kengele. Ukiwa na ua na tunda mkononi hutakosea. Ukiwa na jani tu, utakuwa unacheza kamari. Hata mnavu wenyewe, matunda mabichi ya kijani usiyaguse.

Mnanaha nao, Datura, hupenda kuota katika ardhi iliyolimwa, palepale unapoota mchicha pori. Unapochuma mchicha kwa kuvuta mafungu, ndivyo unavyouingiza jikoni. Mdomo unakauka, mboni za macho zinatanuka, mtu anaanza kuona visivyokuwepo, na moyo unaweza kusimama. Chuma shina kwa shina. Nimeshasema na nitasema tena: shina kwa shina, jicho likiwa pale.

Na tafadhali tuache ile hoja ya "ndege wanakula". Ndege hula matunda ya belladonna na kuruka zake. Mwili wa ndege si mwili wako.

Kuhusu majina, kuna jambo lililotokea Brussels, Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ambalo kila anayependa mitishamba angepaswa kulijua. Wanawake waliokuwa wakipunguza uzito walipewa vidonge vyenye mimea ya Kichina. Mmea mmoja uliokusudiwa ni Stephania tetrandra, unaoitwa fang ji. Ukaingia mwingine, Aristolochia fangchi, unaoitwa guang fang ji. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo, wengine wakapata saratani ya njia ya mkojo. Majina mawili yaliyokaribiana tu. Wale hawakuchuma wenyewe, waliwaamini waliojua. Sasa fikiria wewe unayeambiwa jina na jirani wa rafiki yako.

Hata mmea ukiwa sahihi, namna ya kuuandaa inaweza kuwa ndiyo dawa yenyewe. Mwanasayansi Tu Youyou wa China alikuwa anatafuta dawa ya malaria katika mmea wa Artemisia annua, na matokeo yakawa yanayumba. Akarudi kwenye maandishi ya kale ya Ge Hong, mganga wa China wa karne ya 4, akaona kwamba mmea ulilowekwa kwenye maji na kukamuliwa, haukuchemshwa. Akatumia joto dogo, na ndipo dawa ikaonekana. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Na bado Shirika la Afya Duniani halipendekezi kutibu malaria kwa chai ya mmea huo, maana kiasi cha dawa kwenye kikombe hakitabiriki. Mimi nachemsha majani kwa ajili ya chakula. Kwa ugonjwa mkubwa simchemshii mtu, hata nimpende vipi.

Mgonjwa aliye kwenye vidonge ni jambo jingine tena. Hypericum perforatum, mmea ambao wengi hunywa kwa ajili ya huzuni, hulifanya ini livunje dawa nyingine haraka, zikiwemo za uzazi wa mpango na za kupunguza makali ya VVU. Mtu anaendelea kumeza kidonge chake kila siku na kidonge hakifanyi kazi tena, naye hajui.

Mdogo wangu hakula kitu nilichochuma kwa miaka 4. Alikuwa anafungua sufuria na kuniuliza, "Umenunua au umeokota?" Sikumlaumu. Mwezi huu alikuja nikiwa nachambua Portulaca, akaketi bila kusema, akaokota shina, akalivunja, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Akalitia kwenye bakuli. Akaokota jingine. Tulivunja yote, moja moja, mpaka yakaisha.

Na wewe uliyenifungia, kama bado unapita hapa: sina kinyongo. Andika majina ya vidonge vya mama vyote, na kila anachokunywa cha majani, umpelekee daktari wake karatasi hiyo, na umweleze kwamba vimemchosha, maana dawa za presha ziko za aina nyingi na zinaweza kubadilishwa. Kuhusu ule mmea, rudi pale ulipouchuma. Piga picha mmea mzima, shina, upande wa chini wa jani, ua na tunda kama lipo, na pale shina linapokatika. Kama haujatoa ua, subiri. Nami nitakujibu.