Shokapu za haidroliki zinazovuja kwenye Benzi 124

Pole mkuu. Umeuliza kama ununue shokapu mpya za nyuma za Benzi yako 124 wagoni, au fundi azifungue hizo zinazovuja aweke sili nyingine. Kabla ya yote, ukipita rasta gari linadunda au limekaa chini tu? Kama linadunda kwa ugumu, angalia yale matufe mawili ya gesi. Ndani mna naitrojeni nyuma ya kiwambo cha mpira. Gesi ikiisha, kishindo cha kila shimo kinaishia kwenye sili za shokapu. Ukifunga shokapu mpya ukaacha matufe mabovu, hizo mpya nazo zitavuja mapema.

Kuhusu sili, futa rodi (kile chuma kinachoingia na kutoka kwenye shokapu) halafu pitisha ukucha. Ukihisi vishimo vya kutu (na upepo wa chumvi wa huku kwetu, walio Kigamboni wanaujua), sili mpya haitadumu. Rodi ikiwa laini kabisa, mpelekee fundi wa jeki na mitungi ya matipa, siyo wa shokapu za kawaida.

Tafadhali sana, usikubali wakumiminie mafuta ya gia. Mfumo huu una mafuta yake maalumu ya haidroliki. Na paipu isifunguliwe kabla presha haijatolewa kwenye skrubu ya valvu ya kusawazisha kimo cha gari, presha hiyo inaumiza mtu vibaya.

Wakikushauri uhamie shokapu za kawaida, badilisha na springi. Springi zilizopo zinabeba sehemu tu ya uzito, nyingine inabebwa na haidroliki.