Koti la Asubuhi, Jua la Mchana: Oktoba Yetu Mufindi

Oktoba huku Mufindi, mkoani Iringa, unaamka umejikunyata, unavaa koti, mkono unautoa mfukoni kwa shida. Ikifika saa sita jua linachoma utosi na upepo umekauka hadi midomo inapasuka. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyotuponza tulipokuwa tunaandaa shamba la baba mdogo.

Tuliwasha mabua saa mbili asubuhi, hewa imetulia, umande bado upo. Saa tano upepo ukageuka. Cheche ikaruka mpaka kwenye miti ya misindano ya jirani. Tulikata matawi mabichi tukaupiga moto karibu saa nzima, mama mdogo akipiga yowe kuita watu.

Tulipoudhibiti, nikamwona mdogo wangu anayumba. Koti la asubuhi bado analo, zipu imefungwa hadi shingoni. Nikamuuliza ndoo iko wapi, akanijibu habari za shule. Ngozi yake ilikuwa ya moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

Ukiona mtu ameanza kuweweseka juani, usisubiri apumzike kwanza. Mpeleke kivulini, mvue, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu. Sisi tulitumia khanga ya mama mdogo. Ukavu wa hewa yetu hapo unasaidia, maana maji yanapokauka kwenye ngozi yanaondoka na joto. Asiyejitambua vizuri asinyweshwe kitu, kitampalia. Tafuteni gari la kumpeleka hospitali, na njiani msiache kumpoza. Mdogo wangu alipona, namshukuru Mungu.

Ukavu huohuo ndio unaotudanganya. Jasho linakauka kabla hujaliona, unadhani hujapoteza maji. Mimi sasa nakunywa kabla ya kiu, na naangalia mkojo: ukikolea rangi, naacha jembe. Komoni, pombe yetu ya kienyeji, haihesabiki kama maji, tafadhali! Kwa aliyetoka jasho jingi na ana fahamu zake, changanya lita 1 ya maji safi na salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe taratibu. Anayeshuka Pawaga au Usangu aongeze tahadhari, kule joto ni jingine kabisa.

Kuhusu moto, nakuomba kwa dhati: usichome. Tandaza mabua, yatatunza unyevu. Ukilazimika, pata kibali kijijini, waarifu majirani, palilia njia ya kuzuia moto pande zote mpaka udongo mtupu uonekane, na wenye maji wawe tayari kabla ya kiberiti. Namba ya Zimamoto ni 114. Iwe kwenye simu ya kila aliyeko shambani.

Usiku wa siku ile moshi ulifuka tena chini ya majani ya misindano, mahali tulipoamini pamezimika. Siku hizi siondoki mpaka nimepitisha mgongo wa kiganja karibu na majivu, hatua kwa hatua, na palipo na uvuguvugu tunafukua na kumwaga ndoo nyingine.